Nywele Alizozijua Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimevaa gauni la sikukuu, nimejipaka mafuta mpaka visiginoni, nikiamini nitasimama nyuma ya kiti nisuke kichwa cha mtu. Fundi Mkuu, mwenye saluni, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akaguna. "Wewe Pili, umekuja harusini? Fagia hizo nywele. Ukimaliza uniambie zipi zimeungua na zipi zimekatika."

Nikaona ananionea. Nywele za sakafuni zina habari gani? Kumbe zinayo. Iliyoungua na kitana cha moto huwa na kifundo kidogo kigumu mwishoni, ukiipitisha vidoleni inakwaruza. Iliyong'olewa kwa kuvutwa wakati wa kusuka ina kichwa cheupe, maana imetoka na mzizi wake. Haikuchukua muda nikawa nafagia huku najua fundi gani kamuumiza mteja gani, na ndiyo maana mafundi wenzangu hawakunipenda.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli, hapa hapa Mpanda. Nazungumzia miaka ya tisini mwanzoni, wakati bado tuko Rukwa na mkoa wa Katavi haujazaliwa. Siku treni ya Tabora inapoingia tulikuwa hatukai chini. Mama ameshuka na vumbi la behewa kichwani, hataki mumewe amwone hivyo, anapitia kwetu kwanza. Kazi kubwa ilikuwa kuchoma, yaani kunyoosha nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Halafu kulikuwa na kalikiti, ile dawa ya kutia mawimbi iliyochafua mito ya kila nyumba mjini. Halafu kusuka kwa uzi mweusi, na twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma, kwa wenye haraka.

Dredi ziliingia kwa mlango wa uani. Nyie mabinti wa leo mnakaa na simu mnachagua picha, mnasema "nifanyie kama hii," hamjui kwamba wakati wetu mwenye dredi alikuwa mhuni hata kama hajawahi kushika sigara. Mgambo wanamsimamisha, baba mwenye nyumba anamfukuza, kanisani anakaa peke yake kwenye benchi. Kwa hiyo vijana walikuwa wanakuja wamevaa kofia, wanapita kwenye kamba za nguo, wanagonga dirisha. Fundi Mkuu hakumkataa hata mmoja. Mimi nilishangaa, maana mwenyewe alikuwa mama wa heshima zake, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, na kilemba chake alikifunga mpaka kwenye nyusi, hakuna aliyewahi kumwona bila hicho.

Sasa niwaeleze tofauti, maana naona mnaziita zote dredi, basi. Dredi za kusokota zinaanzia kwenye nywele safi. Unagawa kichwa visehemu visehemu, unasokota kila kimoja kwa kitana cha meno madogo au kwa viganja, miezi inapita zinashikana. Mteja anarudi kila baada ya majuma kadhaa kwa kazi tuliyoiita kurudishia, kusokota zile zilizoota upya karibu na ngozi. Uzuri wake ni kwamba akighairi mapema unazilowesha, zinafumuka, anaondoka na nywele zake. Vijana wetu hawakuwa na subira hiyo. Walikuwa wanakuja na nta ya nyuki ya kutoka Inyonga, wanataka tuwapake zishike haraka. Fundi Mkuu alikuwa anawaka. "Nta ni ya mshumaa! Ukishaipaka haitoki, inakula vumbi lote la Mpanda, kesho uje useme Fundi Mkuu kakuharibu." Mmoja alikwenda kujipaka nyumbani kwake nta isiyochujwa vizuri, ina asali ndani, akaenda shamba. Nyuki walimfuata mpaka akajitupa mtoni. Tulicheka siku nzima, Mungu atusamehe.

Dredi za kuachia ni kitu kingine kabisa. Hizo hazisokotwi. Unaacha kuchana, basi, nywele zinajishika zenyewe zinavyotaka, moja nene, nyingine nyembamba. Kazi ya fundi hapo ni moja tu, kuzitenganisha kwenye mizizi kwa vidole zisije zikaungana zote zikawa mkeka. Hizi nilijifunzia kichwani kwa Fundi Mkuu mwenyewe.

Ilikuwa mchana wa mvua, hakuna mteja. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kilemba. Mama yangu! Zilimwagika mpaka kiunoni, nyeusi, nyingine zimeanza mvi karibu na ngozi. Nilisimama na kitana changu mkononi kama mtu aliyesahau jina lake.

"Usinikodolee macho," akasema. "Mikono yangu haifiki kisogoni tena. Nitenganishie."

Nikaanza kutenganisha, na yeye akaanza kusema. Mumewe alipofariki alikaa msibani bila kuchana, kama kawaida. Arobaini ikapita, wenzake wakamletea kitana, akakishika akashindwa. Akaikamata dredi moja iliyokuwa begani, akanionyesha ncha yake, nyembamba, imekuwa ya kahawia kwa ukuukuu. "Nywele inaota kutoka chini kwenda juu, sivyo? Basi hii ya huku mwishoni ndiyo ya zamani. Hii ilikuwepo kichwani wakati Baba Neema yupo. Alikuwa anapenda kunishika kichwa akirudi kazini. Hizi ncha ni nywele alizozijua yeye. Hizi nyingine zote hazimjui."

Nilikuwa sijaolewa bado, nikaona kama mambo ya watu wazima. Neema alikuwa binti yao wa pekee, wakati huo anasoma sekondari, msichana mkimya mwenye macho ya baba yake. Yeye alizijua nywele za mama yake, na kwa jinsi Fundi Mkuu alivyoniambia, ndiye aliyekuwa anazitenganisha kabla ya kwenda shule ya bweni.

Baadaye Fundi Mkuu alinituma Ikola, ziwani, nikaongeze ujuzi. Nilikaa kwa mama mmoja aliyetoka upande wa Kongo, wote walimwita Fundi wa Ng'ambo. Alikuwa anafanyia kazi kibandani, jirani na vichanja vya dagaa, kwa hiyo wateja wetu walikwenda nyumbani wananukia dagaa na mafuta ya mgando pamoja. Huyo ndiye aliyenifundisha dredi za sindano. Unachukua kile chuma chembamba chenye kulabu, kile cha kufumia vitambaa vya mezani, unakipitisha ndani ya fungu la nywele, kinatoka na unywele, kinarudi, kinatoka, mpaka fungu lote linafungamana lenyewe kwa lenyewe. Asubuhi mtu ana nywele za kawaida, jioni ana dredi za kuonekana za miaka.

"Miye nikishona, hairudi," alikuwa anawaambia wateja kabla hajaanza. "Za kusokota ni uchumba. Hii ya miye ni ndoa ya kanisa. Unataka kuondoka, leta mkasi."

Na kweli. Za sindano hazifumuliki, zimefungana kila upande. Za kuachia je, nikamuuliza siku moja, nikimfikiria Fundi Mkuu. Akafikiri akitafuna muhogo. Akasema zinafumuka, ila ni kazi ya machozi. Unazilowesha mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi, unaanzia nchani na sindano nene, unapanda taratibu kuelekea kichwani. Na za nchani, kwa kuwa ndizo kongwe, nyingi zitakatikia mkononi. Nilijifunza hilo kwa bidii, nikadhani nimepata ujuzi wa kujivunia. Leo natamani nisingeujua.

Niliporudi Mpanda nilikuta Neema ameposwa. Mchumba alikuwa kijana wa Katumba, mwalimu, mtoto wa mzee wa kanisa. Wale ni watu wa asili ya Burundi, wakulima wa tumbaku na mahindi, watu wa sala na kwaya, wapole. Fundi Mkuu alifurahi mpaka akawa anaimba akichoma nywele, na haikuwa kawaida yake.

Kwetu, nyie mnajua, mama wa binti haendi kwa wakwe kuulizauliza. Mama mkwe na mkwe wanakwepana hata njiani. Na binti akishaposwa, wa kumfunda ni shangazi, dada wa baba, na kila neno la upande ule linapita kwa shangazi. Neema akapelekwa Mwamkulu kwa shangazi yake kufundwa mpaka siku ya harusi. Sisi tukabaki mjini tunashona sare na kusubiri maneno.

Neno likaja. Shangazi alishuka kwenye baiskeli akiwa amejifunga kitenge kipya, akakaa, akanywa maji, akasema habari za ng'ombe na mvua, halafu akasema, "Wifi, kuna jambo la kichwa chako. Mtoto hataki uje na hizo, hata chini ya kilemba. Kule ni nyumba ya mzee wa kanisa."

Fundi Mkuu akauliza polepole, "Neema ndiye kasema?"

"Neema ndiye kanituma."

Shangazi akaongeza kwamba aibu ya mama ni aibu ya binti, na kwamba mtoto yatima wa baba asiharibiwe bahati yake kwa sababu ya nywele. Alipoondoka, nilimwambia bosi wangu, "Fundi, si tumuulize Neema mwenyewe? Naweza kupanda baiskeli nikafika Mwamkulu sasa hivi."

Aligeuka akanikaripia kama siku ile ya ufagio. "Wewe! Mama anamrukia shangazi kwenda kumhoji binti aliye ndani? Unataka nicheke na nani baada ya hapo? Shangazi ameshasema."

Kunyoa hakukuwezekana. Kichwa kilichonyolewa ni kichwa cha msiba, na mama hawezi kumpeleka mwanawe kanisani kwa alama ya kifo. Zilibaki njia mbili, kuzikata fupi au kuzifumua. Akachagua kuzifumua, kwa kuwa aliona ndiyo njia ya kubaki na chochote. "Si umejifunza kwa Fundi wa Ng'ambo?" akaniuliza. "Basi nifumue. Taratibu."

Tukatandika kitenge sakafuni. Nilimpaka mise mpaka shingo ikang'aa, nikaanza na sindano kwenye ncha ya dredi ya kwanza. Zile nywele za kahawia zilikuwa dhaifu mno. Nikizigusa zinakatika, zinaanguka kwenye kitenge kama vumbi la mahindi. Nilikwenda polepole, nikabadilisha sindano, nikaongeza mafuta, hakuna kilichosaidia. Kila dredi ilianza kwa kupoteza kile alichokuwa anakitunza, ndipo inafika kwenye nywele ngumu mpya ambazo zinafumuka vizuri na ambazo hazikumjua mtu. Wateja tuliwaambia tumefunga. Wiki nzima tulikaa hivyo, mimi nyuma, yeye mbele, ananiambia tu nipumzike mikono.

Siku moja tu alinyanyua fungu la zile zilizokatika, akazinusa, akasema, "Zinanuka mise. Za kwake zilikuwa zinanuka moshi wa treni." Nikalia. Yeye hakulia.

Tulipomaliza, nilimchana. Alikuwa na nywele laini, chache, zimefika mabegani, na ngozi imepigwa na baridi ambayo haikuijua kwa miaka. Aliangalia kioo akasema, "Nimekuwa mtoto." Akakunja kile kitenge na kila kilichokuwemo, akakifunga mafundo, akakiweka kwenye sanduku lake.

Harusi ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Kwaya ya Katumba iliimba mpaka bati likatetemeka. Na Fundi Mkuu, kama mama wa bibi harusi yeyote mwenye heshima, alivaa kilemba cha bluu cha kufanana na sare, kimefungwa vizuri mpaka kwenye nyusi, kutoka asubuhi mpaka tulipopanda gari kurudi. Hakuna aliyekifunua. Hakuna aliyeuliza kilichoko chini yake. Mzee wa kanisa alimwamkia kwa kuinama, mkewe akamkumbatia, wakamkalisha kiti cha mbele. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nakiangalia kile kilemba, pilau nikaiacha sahanini.

Baada ya hapo hakushika tena kichwa cha mtu. Alikuwa anakaa mlangoni anapokea wateja, anawaelekeza kwangu. Siku moja akanikabidhi kitana cha moto na funguo, akasema dada yake anamwita Tabora. Nilimsindikiza stesheni. Neema alikuja kumuaga, wakasalimiana vizuri, lakini nikaona kuna kitu, wanaangaliana kama watu waliokosana na hawajaambizana. Nikajua ni mambo ya binti aliyeolewa. Kazi ikaendelea. Nimefundisha wasusi wengi katika kile chumba, na dredi zikahamia kutoka mlango wa uani kwenda mlango wa mbele, mpaka walimu na manesi wakawa wanarudishia kwangu bila kofia.

Sasa nimestaafu. Vidole vinakufa ganzi, nikishika sindano inanidondoka. Mtu akitaka kujua nini kilichobaki kwa msusi aliyezeeka, ni mgongo, na vichwa vya watu anavyovikumbuka kuliko sura zao. Mimi nakumbuka kimoja zaidi ya vyote.

Juzi hapa Neema alikuja nyumbani. Amekuwa mama mtu mzima, ana mvi. Amemleta binti yake, Keza, jina la upande wa baba, msichana wa chuo, anataka dredi. Nikamwambia mikono yangu imeisha ila nitamwosha na kumshauri, aende kwa wanafunzi wangu. Nikamwinamisha kwenye beseni, nikawa namweleza kama nilivyowaeleza nyie, za kusokota, za sindano, za kuachia. Nilipofika za kuachia nikasema, "Kama za bibi yako."

Keza akainua kichwa, povu linamtiririka. "Bibi alikuwa na dredi?"

Neema aliyekuwa kwenye kigoda akasema, kwa sauti ya ukali, "Alikuwa nazo. Alizitoa mwenyewe."

"Mwenyewe?" nikamuuliza. "Neema, si wewe uliyemtuma shangazi?"

"Nilimtuma shangazi nini, dada Pili?"

"Kwamba asije harusini na nywele zile."

Akageuka kunitazama. "Nilimtuma shangazi amwambie mama achague kilemba kizuri," akasema. "Kilemba cha bluu kinachofanana na sare yetu. Nilitaka apendeze. Basi." Akashika mdomo wake. "Nilikwenda kumsalimia baada ya harusi, nikamkuta amechana. Nikamuuliza, mama, nywele za baba ziko wapi? Akaniambia zilikuwa zinamchosha. Akacheka. Dada Pili, nilimkasirikia. Nilifikiri amemsahau baba. Nilikuwa nakwenda Tabora kwa kulazimishwa na mume wangu."

Shangazi alitumwa kilemba, akafikisha mambo yake mwenyewe. Labda aliona anamlinda mtoto. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amsamehe, mimi bado. Na Fundi Mkuu alicheka ili mwanawe asijue alichomgharimu. Na baiskeli ilikuwepo, imeegemea ukuta, nilikuwa naiona nikiwa nafumua.

Neema akauliza kwa shida, "Alizitupa wapi?"

"Hakuzitupa. Nilikwenda Tabora kumuuguza mwishoni, kile kitenge kilikuwa chini ya mto wake. Wewe siku ya msiba ulikuwa mbele unapokea wageni. Sisi tuliomwosha ndio tuliomwekea mkononi. Amezikwa nazo, Neema. Zote, hata zile zilizokuwa vumbi."

Akaanguka kutoka kwenye kigoda mpaka chini, akalia kwa sauti ya kuita, mpaka majirani wakaja mlangoni kuuliza nani amefariki. Keza alikuwa bado ameinamia beseni, hajui ashike nini. Nikamfuta povu machoni, nikawaambia majirani ni mama yake Neema. Wakasema, lakini huyo si alifariki zamani? Nikawaambia ndiyo, zamani, ila mwanawe amepata habari leo.